Idara ya Kutoona

Tangazo lilisomwa kwenye lango la ngome siku ya soko, baada ya ngoma kupigwa na mbwa kufukuzwa.

"Wakazi wote wa jimbo la Ashizaka, wa juu na wa chini! Kuanzia leo ni marufuku kumwona mpelelezi kutoka Edo. Atakayemwona, amevunja sheria. Atakayemwona akanyamaza, amevunja sheria kimyakimya. Kwa ajili ya utekelezaji imeundwa Idara ya Kutoona, chini ya Mheshimiwa Kurobe Denzaemon. Tawanyikeni kwa utaratibu."

Watu wakatawanyika kwa utaratibu. Onui, mwenye duka la chai karibu na daraja, alirudi na binti yake Mino mgongoni, akaona jambo hilo lina maana kabisa. Kila mwaka serikali kuu ya Edo hutuma mpelelezi katika kila jimbo, aangalie kama kuna anayejenga ukuta bila ruhusa au kunoa panga nyingi kuliko inavyohitajika. Jambo hili linajulikana na kila mtu, ndiyo maana linaitwa siri. Sasa mwaka uliopita mpelelezi alipofika sokoni, muuza figili akamwita kwa sauti: "Karibu tena bwana mpelelezi! Mwaka huu umenenepa!" Yule bwana aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu. Akarudi Edo akaandika mabaya matupu, na Edo ikaiamuru Ashizaka ikajenge daraja la jimbo jingine kwa nguvu zake yenyewe.

Ndipo alipoinuka Mheshimiwa Kurobe. Alikuwa amesoma vitabu vyote vya upelelezi vilivyokuwamo ngomeni, na vingine alikuwa amevielewa. Bwana wa jimbo alikuwa Edo kwa zamu yake ya mwaka, na mume wa Onui, Genshichi, alikuwa huko huko akimbebea mikuki. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumwambia Kurobe kwamba wazo lake ni la ajabu. Wakati mwingine maendeleo huhitaji tu watu fulani wawe safarini.

Masomo ya kutoona yalifanyika hekaluni kila jioni, baada ya watu kufunga maduka. Onui alikaa mbele kabisa. Tangu utotoni alitamani kusoma, na hili lilikuwa darasa la kwanza maishani mwake lisilomfukuza kwa kuwa ni mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Mama mkwe wake Otora alikaa nyuma, karibu na mlango, apate kutoka upesi.

"Wakuu wa vita wa China ya kale," alianza Kurobe, "waliwagawa wapelelezi mafungu matano. Yuko mwenyeji wa mahali. Yuko afisa wa adui aliyenunuliwa. Yuko mpelelezi wa adui aliyegeuzwa. Yuko anayetumwa akafe na uongo mdomoni. Na yuko anayerudi hai na habari. Swali: yupi aliye bora?"

"Anayerudi hai," akasema Otora kutoka mlangoni.

"Kwa nini, bibi?"

"Muulize mama yake."

Watu wakacheka. Kurobe hakucheka. Kucheka kulikuwa chini ya idara nyingine. Akaeleza mbinu za watu wa milima ya Iga: jinsi wanavyotembea kando ya ukuta kama kaa, jinsi wanavyopumua majini kwa mwanzi, jinsi wanavyobeba nyenje kwenye kijisanduku ili mlio wake ufunike sauti ya nyayo, na jinsi wanavyojua saa kwa kutazama macho ya paka.

"Na paka akilala?" akauliza Otora.

"Upelelezi unaahirishwa. Tuendelee. Hayo ni ya zamani. Mpelelezi wa kisasa huja kama mtawa mpiga filimbi, amevaa kofia ya kapu iliyomfunika mpaka kidevuni. Mkiona kapu, hamjaona kitu. Akiongea, ni upepo. Akila chakula chako, kimeliwa na upepo. Mmenielewa?"

Onui akainua mkono. "Samahani mheshimiwa. Nitajuaje kwamba huyu ndiye nisiyepaswa kumwona, kabla sijamwona?"

"Swali zuri sana. Litapelekwa kwenye kamati." Kurobe akakohoa, kikohozi chake kile cha kukwaruza kama mlango wa ghala. "Na muwe macho. Mpelelezi stadi huvaa sura juu ya sura. Akivua kapu, mtaona uso. Msiuone! Hasa ukifanana na uso wa mtu mkubwa mnayemheshimu."

"Na akisema yeye ndiye huyo mtu mkubwa?" akauliza karani wake, Shinpachi, kijana mnyoofu aliyependa kuwa na uhakika.

"Hapo ndipo msimsikie kabisa. Tangu lini mpelelezi akasema, mimi ni mpelelezi? Kumbukeni pia kwamba mwenye kibali cha kuona ni mmoja tu, Mkuu wa Idara. Lazima mtu mmoja aone, ili ajue kwamba wengine hawaoni."

Kila mtu aliona hilo ni haki, maana ndivyo mambo mengi yanavyoendeshwa.

Sheria ikafanya kazi kupita matarajio. Habari zikavuka milima kwamba Ashizaka watawa wa kapu hawaonekani. Ndani ya msimu mmoja mji ukajaa watawa wa kapu. Walikaa kwenye benchi la Onui, wakanywa chai yake, wakajichukulia dango, yale madonge ya unga wa mchele yanayochomwa kwenye vijiti, kisha wakaondoka wakipiga filimbi. Kuwadai ingekuwa kuwaona.

"Upepo wa siku hizi una meno," alisema Otora, akihesabu vijiti vitupu. "Tena unapenda chenye sosi nyingi."

"Mama, usiwatazame."

"Natazama vijiti vyangu! Vijiti navyo vina idara?"

Kati ya wateja wachache wa kweli waliobaki alikuwemo Magobei, muuza dawa kutoka Toyama. Kila vuli alipita nyumba kwa nyumba na bweta lake kubwa mgongoni, akaacha dawa za tumbo na za macho, akachukua malipo ya zile zilizotumika mwaka uliopita. Huyu hakuwa na kapu, hivyo watu walimwona kwa roho safi. Alimpulizia Mino puto la karatasi, kisha akauliza maswali ya mtu wa kawaida: ukuta wa ngome wa upande wa kaskazini umepona ule ufa? Ghala la mchele mwaka huu limejaa? Otora alimjibu yote, na pale asipojua alimwita jirani aje amjazie. Baada ya kutwa nzima ya kutoona watu, kuongea na mtu anayeonekana ilikuwa kama kuvua kiatu kinachobana.

Tatizo lilikuwa Mino.

Mino alikuwa na mwaka na nusu. Masomo yote aliyahudhuria mgongoni akiwa amelala. Siku moja Mheshimiwa Kurobe alipita kukagua, na wakati huohuo mtawa akapita barabarani. Mino akanyoosha kidole, uso mzima ukicheka: "Kapu!"

Wateja wakageukia ukuta.

"Mtoto huyu ameona nini?" akauliza Kurobe.

"Kwa mujibu wa sheria, mheshimiwa, hapakuwa na kitu," akajibu Onui.

"Vizuri. Na kwa mujibu wa mtoto?"

"Kapu!" akasema Mino.

"Mheshimiwa," akaingilia Otora, "huyu juzi aliuona mwezi akalia tumshushie aulambe. Ushahidi wake usiutie sana moyoni."

Lakini Kurobe alikuwa mtu wa kutia mambo moyoni. Akaeleza kwa upole kwamba watoto wakiachwa waone, watakua wakiona, na Idara itafanya nini na kizazi kizima kinachoona? Akatoa uamuzi hapo hapo. Ikiwa mpaka sikukuu ya mwezi mpevu wa vuli Mino hajajifunza, atahamishiwa kijiji cha Hinokuchi, ng'ambo ya mlima, kwa mlezi wa Idara, mpaka afikishe miaka saba.

"Hinokuchi hakuna kitu cha kuona," alisema. "Atazoea."

Siku ile Onui alichoma dango zikaungua. Mino alikuwa bado analala ameshika ukosi wa kimono ya mama yake kwa vidole viwili, na ukiuchomoa anaamka. Nani huko Hinokuchi angempa ukosi wa kushika? Genshichi aliondoka mtoto hajatembea hata hatua moja. Akirudi aambiwe nini? Kwamba binti yake amehamishwa kwa kosa la kuwa na macho?

"Tumfundishe," alisema Otora, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Mwanangu, tumfundishe hata kwa fimbo ya sukari."

Wakamfundisha. Onui alichukua kapu la mboga, akalivaa kichwani, akakaa mbele ya Mino. "Hayupo," akasema kwa sauti ya darasani. "Unaona? Hapa hapana mtu. Hayupo, hayupo..." Mino akatulia, macho yamemtoka. Onui akaona somo limeingia. Akavua kapu aone. Mino akapasuka kwa kicheko mpaka akaanguka chali.

"Yupo!"

Wakarudia siku nzima, na siku zilizofuata. Kila kapu lilipovuliwa, Mino alicheka zaidi. Kwake hayo hayakuwa masomo. Ulikuwa mchezo bora kuliko yote aliyowahi kuchezewa. Sasa hakuridhika tena na kusema "kapu". Mtawa yeyote akikaa kwenye benchi, Mino alimsimamia mbele, akasubiri kwa adabu, kisha akadai uso: "Yupo? Yupo?"

"Tulichofanya," alisema Otora, "tumemwongezea elimu."

Siku chache kabla ya mwezi mpevu alikuja mtawa mgeni. Kapu lake lilikuwa jipya kabisa, na soksi zake nyeupe hazikuwa na hata tone la tope. Alipopuliza filimbi, ikalia kama birika lililosahauliwa jikoni. Kisha akakohoa, kikohozi cha mlango wa ghala.

Onui alimtambua pale pale. Lakini alikuwa mwanafunzi mzuri, akaendelea kufuta meza.

Mheshimiwa Kurobe alikuwa ameamua kuipima sheria yake mwenyewe, na kwa kuwa upelelezi unataka usiri, hakumwambia mtu, hata karani wake. Tangu asubuhi alikuwa amezunguka mji mzima bila kuonekana, na chini ya kapu alikuwa akitabasamu. Akakaa kwenye benchi. Akachukua dango. Akachukua nyingine.

"Onui," Otora akaanza, mgongo ameupa benchi, "hivi yule Kurobe wetu, unadhani alizaliwa vile au alianguka?"

"Mama!"

"Nauliza tu, duka si tupu? Miguu kama vijiti vya kulia chakula, kichwa kama boga la kushinda maonyesho. Akikohoa, kuku wangu wanaacha kutaga. Na ile filimbi ya upepo wa leo, aisee, hata paka amehama."

Mtawa akasimama ghafla. Kapu likatetemeka. "Bibi! Unajua unaongea na nani?"

"Upepo umeanza kuvuma," alisema Otora.

"Mimi ni Kurobe! Kurobe Denzaemon!" Akalivua kapu. Ndiye hasa, mwekundu kama tufaha, nywele zimemkaa upande. "Mnaniona?"

Otora akamimina chai taratibu. "Onui, umesikia kitu?"

"Nimekatazwa kusikia, mama. Hasa kinachosema ni mtu mkubwa."

"Hongereni," alisema Kurobe kwa hasira. "Mmefaulu. Somo limekwisha. Sasa nioneni."

Wateja wawili wa kweli waliinua vikombe vyao wakatazama mlima, ambao siku hiyo ulikuwa na ukungu na haukuwa na cha kutazama. Kurobe akawapungia mikono mbele ya macho. Mmoja akasema kuna inzi.

Hapo Mino akaja kwa hatua zake za kuyumba. Akasimama mbele ya Kurobe, akamtazama usoni kwa furaha ya mtu aliyesubiri sana. "Yupo!"

Onui akaacha kufuta meza. Huyu ndiye mwenye kibali, naye ameona mtoto ameona.

"Ameniona!" akapiga kelele Kurobe. "Wote ni mashahidi! Mtoto huyu ameniona, kesho nitamhami..." Akakwama katikati ya neno. Akatazama duka zima, watu wakitazama ukungu. Akamtazama Mino, ambaye alikuwa akimpa dango iliyotafunwa nusu. Akafunga mdomo, akaondoka mbio kuelekea ngomeni.

Yaliyompata huko, Onui aliyasikia kwa wateja. Walinzi wa lango hawakumwona, wakalifunga nyuma yake kwa sababu ya upepo. Mkewe, aliyefaulu masomo kwa sifa kuliko wanawake wote wa ngomeni, alimpita ukumbini akaenda kulala mchana, jambo alilolitamani tangu aolewe. Ofisini Shinpachi alikuwa tayari ameketi mahali pa Mkuu, kwa kukaimu. Kurobe alipopiga meza, Shinpachi aliwaambia wenzake kwa machozi ya utii: "Ni kama alivyotufundisha. Wameiga mpaka kikohozi. Msimwone, jamani, kwa heshima yake!"

Basi Kurobe akarudi kwenye benchi la Onui. Njaa haikumsumbua, dango zilikuwepo. Kilichomsumbua ni kwamba kutwa nzima hakuna aliyemwita jina, hata kwa matusi. Asubuhi Mino akiamka alimjia akasema "Yupo!", naye akafuta macho kwa mkono wa kanzu yake.

Siku ya mwezi mpevu, Onui alipanga dango nyeupe kwenye sinia na matete pembeni, kama kila nyumba. Magobei muuza dawa alikuwa akinywa chai yake pembeni. Kurobe alikuwa kwenye benchi, hayupo. Jua likiwa bado juu ya mlima, Kaimu Mkuu Shinpachi akaingia na wapagazi wawili na kiti cha kubebea, ambacho kwa Mino kilikuwa kikubwa kama nyumba.

"Mama Mino, mimi nina mama pia," alisema Shinpachi bila kumtazama. "Lakini amri ni amri. Tunampima, akishindwa anapanda."

Hapakuwa na haja ya kutafuta mtawa. Mino alikuwa tayari amesimama mbele ya benchi, akipiga makofi. "Yupo!"

"Mtoto ameona," akasema Shinpachi kwa huzuni. Wapagazi wakainama.

Onui akamnyakua Mino, vidole viwili vikashika ukosi. Akakumbuka kwamba masomo yote aliyahudhuria, na kwamba alikaa mbele.

"Bwana karani, ameona nani?"

"Huyo ha..." Shinpachi akauma ulimi.

"Nani?"

"Hakuna mtu."

"Basi hajaona mtu. Au wewe umeona? Una kibali cha kuona?"

"Sina! Mungu apishe mbali! Kibali ni cha Mkuu peke yake."

"Kwa hiyo nani amemwona mwanangu akimwona nani?"

Shinpachi akatoa kitambaa akajifuta shingo. "Mtoto... anacheka hewa."

"Kucheka hewa ni kosa?"

"Sheria haikutaja."

"Ikitajwa itakuwa kosa kubwa," akasema Otora, "maana wewe mwenyewe ulicheka hewa mpaka miaka minne, mama yako akahangaika."

"Mimi sikatai amri," alisema Onui. "Namtaka Mkuu mwenyewe, mwenye kibali, aje aseme kwa kinywa chake kwamba mwanangu ameona. Nitampandisha kwenye kiti kwa mikono yangu."

"Mkuu hayupo."

"Nipo!" akapaza sauti Kurobe.

"Yupo!" akashangilia Mino.

"Hayupo," akasema Shinpachi, jasho likimtiririka mpaka puani. Akasimama kitambo akiitazama sheria kichwani mwake, kila upande, kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta. Kisha akajinyoosha. "Kwa kuwa hapakuwa na mtu, na kwa kuwa hakuna aliyeona kama mtoto ameona, mtoto amefaulu. Tena vizuri. Wapagazi, twendeni."

Onui akakaa chini pale pale kwenye udongo, akacheka na kulia kwenye nywele za Mino.

"Samahani kaimu," Magobei akauliza kwa upole wake wa siku zote, "huyu Mkuu wenu yuko wapi hasa?"

Shinpachi akafurahi kuulizwa jambo na mtu anayeonekana. Akakaa, akapewa chai, akamweleza yote: Idara, kibali, watawa, ukuta wenye ufa uliosahauliwa kwa sababu mafundi wote walikuwa masomoni. Magobei alisikiliza akitikisa kichwa. Akampulizia Mino puto jipya, akafunga bweta lake, akaondoka na njia ya Edo.

Theluji ilipoyeyuka, Genshichi alirudi na msafara wa Bwana wa jimbo, akamkuta binti yake anakimbia. Msafara ule ulikuja pia na neno kutoka Edo. Edo ilikuwa imeridhika na Ashizaka. Watu wake ni wakarimu, wanajibu kila wanachoulizwa, na dawa zao za tumbo wanalipia bila kusumbua. Ufa wa ukuta unaruhusiwa kuzibwa. Ila kuna Idara moja ambayo Mkuu wake hayuko kazini tangu vuli na hakuna anayethubutu kusema alipo. Idara hiyo ivunjwe. Na ili mambo yaende kwa utaratibu, tangazo la kuivunja lisomwe langoni na Mkuu wa Idara mwenyewe. Siku atakayoonekana akilisoma, sheria itakuwa imefutwa.

Kwa hiyo kila siku ya soko Mheshimiwa Kurobe husimama langoni akasoma: "Wakazi wote wa jimbo la Ashizaka! Kuanzia leo ni ruhusa kuona!" Anasoma vizuri, kwa sauti, bila kukosea. Watu wanampita kwa utaratibu, kila mmoja na kapu lake la mboga, wakisema upepo wa majira haya una sauti nzuri. Sheria bado ipo, na hakuna anayetaka kuivunja kabla haijafutwa.

Onui hupita pale na Mino, akamnunulia figili, na kabla ya kugeuka nyumbani humpa dango moja zaidi mkononi.

"Ya nani?" huuliza Mino.

"Sijui, mwanangu. Mimi sioni mtu. Ukimwona mwenye njaa, mpe."

Mino hukimbia mpaka kwenye ngazi za lango, akasimama, akaificha dango nyuma ya mgongo. "Hayupo," huanza. "Hayupo..."

Na Mheshimiwa Kurobe Denzaemon, Mkuu wa Idara ya Kutoona, hukunja tangazo lake, akapiga magoti kwenye mawe, akajifunika kapu mpaka kidevuni, akasubiri.